Athi ya DB ndogo kwenye banda la nje

Mara nyingi banda la nje linapopiga shoti, athi rodi (fimbo ya chuma ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini) ipo. Imepigwa chini, klempu imebanwa, na bado bati linatetemesha mkono. Shida ni kwamba rodi imepewa kazi isiyoiweza.

Piga hesabu. Tuseme rodi yako ina ukinzani wa omu 20, na hiyo ni rodi nzuri. Kwenye mchanga mkavu hata 100 hupita. Laini (waya wenye umeme) ya volti 230 ikigusa kasha la mashine, mkondo unaopita udongoni hauzidi 230 ÷ 20, yaani ampea 11.5. Breka ya ampea 32 haishtuki kabisa. Ile ya aina B inahitaji hadi ampea 160 ili ikate papo hapo. Udongo hauleti mkondo huo, waya wa shaba ndio unaouleta. Kwa hiyo waya wa athi utoke DB kubwa (sanduku kuu la breka nyumbani) pamoja na laini na nyutro (waya wa kurudisha mkondo), na rodi iwe nyongeza kwa ajili ya radi na kutuliza volti.

Kwa banda lililo mita 30 kutoka nyumbani, kwa breka ya ampea 32, tumia kebo ya shaba ya nyuzi tatu, kila uzi 6 mm². Ikibeba mzigo wote utapoteza volti 7 hivi, kama asilimia 3. Uzi wa athi uwe sawa na laini. Kanuni hiyo hufika hadi 16 mm². Utahitaji pia rodi ya chuma iliyovishwa shaba, unene 16 mm na urefu mita 2.4, klempu yake, waya wa 16 mm² wenye ganda la kijani na njano, na DB yenye baa mbili: ya nyutro na ya athi. Meni swichi ikate laini na nyutro kwa pamoja. Soketi zikae chini ya RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya mA 30.

Zima umeme DB kubwa, funga swichi kwa kufuli, kisha pima kwa testa uliyoihakiki kwenye umeme uliowaka.

Sasa fungua DB ndogo na uangalie baa ya nyutro. Baadhi ya DB huja na skrubu ya kijani au kipande cha shaba kinachoiunganisha na kasha. Kitoe. Hapa ndipo mafundi wengi huteleza, kwa sababu kwenye chanzo cha umeme nyutro na athi mara nyingi zimeunganishwa, basi wanadhani bandani iwe hivyo pia. Ukiziunganisha tena, mkondo wa nyutro unagawanyika: sehemu yake inarudi kwa waya wa athi na kwa kila chuma kilichofungwa humo. RCD ya nyumbani inaanguka bila sababu inayoonekana. Na siku nyutro ya kebo ikikatika, mzigo wote unarudi kwa athi. Athi nayo ikilegea, kasha la kila mashine linabeba volti 230.

Nyutro zote ziende baa yake, iliyokaa juu ya plastiki. Athi zote, pamoja na waya wa rodi, ziende baa iliyofungwa kwenye kasha. Kama banda ni la nguzo za chuma au lina bomba la maji la chuma, ziunganishe pia na baa hiyo.

Rodi moja isipotosha, piga ya pili umbali usiopungua urefu wa rodi. Chumvi na mkaa tuachane navyo: chumvi husombwa na mvua, na kabla ya hapo inakula klempu.

Kuna njia nyingine halali: banda kujitegemea kwa rodi yake peke yake, bila athi ya nyumbani. Hufaa pale ambapo kampuni ya umeme hairuhusu athi yake kutoka nje ya nyumba. Hapo RCD lazima ilinde banda zima, rodi iwe chini ya omu 200, na kinga ya chuma ya kebo isiguse DB ya bandani. Usichanganye njia hizi mbili.

Kabla ya kuwasha, chomoa vifaa vyote, toa nyutro inayoingia, kisha weka mita ya kupima omu kati ya baa mbili. Ikisoma karibu na sifuri, ile skrubu bado ipo, au kuna soketi iliyochanganywa nyaya. Halafu pima mwendelezo wa athi kutoka DB kubwa hadi kasha la mashine ya mwisho. Kitufe cha majaribio cha RCD hakitoshi kwa hilo, kwani kinakata hata pale ambapo waya wa athi haupo kabisa.