Kidole Kifungue Ufunguo: Uthibitishaji wa Bayometriki na Hifadhi ya Funguo katika Programu za Simu

Daftari la akiba ninalolitunza ni la kikundi cha wavuvi na wachuuzi wa samaki wa hapa Lamu, na ombi la kulifungua kwa kidole halikutoka kwangu bali kwa wanachama wenyewe. Walinipa sababu ambayo sikuwa nimeifikiria: mtu aliyesimama gatini asubuhi, amezungukwa na wapagazi, punda na abiria wa boti za Mokowe, hawezi kubonyeza namba yake ya siri bila watu wawili watatu kuiona. Kidole hakisomeki begani kwa mtu. Nikakubali, nikaliandika toleo la kwanza kwa siku mbili, nami nikalivunja mwenyewe kwa alasiri moja.

Kosa langu ndilo ninaloliona katika programu nyingi ninazoombwa kuzikagua, kwa hiyo nianze nalo. Nilikuwa nimeita BiometricPrompt, yaani dirisha la Android la kuomba kidole, nikasubiri onAuthenticationSucceeded, kitendaji kinachoitwa kidole kikikubaliwa, kisha nikafungua ukurasa wa daftari. Tokeni ya kuingilia kwenye seva, yaani kile kibali kinachomtambulisha mtumiaji huko, ilikuwa hata hivyo imelala ndani ya SharedPreferences, faili la mipangilio ya programu, kama maandishi ya kawaida. Nilipoichukua simu ya majaribio iliyofunguliwa hadi ngazi ya root, yaani ruhusa kamili juu ya mfumo, na kulisoma faili hilo moja kwa moja, niliipata tokeni bila kidole chochote kugusa kioo. Hata bila kusoma faili, mtu mwenye zana kama Frida, ya kuingilia programu inapoendeshwa, anaweza kukiita mwenyewe kile kitendaji cha mafanikio, na programu ikaamini kwamba kidole kimekubaliwa. Mlango wa nakshi ulikuwepo, lakini komeo halikutiwa.

Basi kanuni ya mwongozo huu ni moja: kidole kisiulizwe ili programu ipate jibu la ndiyo au siyo, bali kiulizwe ili ufunguo uliofichwa ndani ya chipu ukubali kufanya kazi. Data isimbwe kwa ufunguo huo, yaani igeuzwe isisomeke, na ufunguo ukatae kusimbua, yaani kuirudisha isomeke, mpaka kihisi kithibitishe. Hapo hata atakayeuruka msimbo wako wote atakuta faili lisilosomeka.

Kinachotokea ndani ya simu

Katika Android, ulinganishaji wa alama za kidole hufanyika katika sehemu ya kichakataji iliyotengwa na mfumo wa kawaida. Kidole kinapokubaliwa, sehemu hiyo hutoa hati ndogo iliyotiwa sahihi, na Android Keystore, ghala la funguo la mfumo, huikagua hati hiyo kabla ya kuruhusu ufunguo utumike. Programu yako haioni picha ya kidole wala haiuoni ufunguo wenyewe. Inachopata ni uwezo wa kuutumia ufunguo mara moja. Katika iPhone kazi hiyo hufanywa na Secure Enclave, iliyokuja pamoja na Touch ID katika iPhone 5s mwaka 2013.

Jambo hili lina uzito wa kisheria pia. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inaihesabu data ya bayometriki kuwa data nyeti. Mteja akikuambia kwamba angependa alama za vidole za wanachama zihifadhiwe kwenye seva "ili ziwe salama", mkatalie kwa upole, umweleze kwamba usalama wake unatokana na kutoondoka kwenye simu. Nywila ikivuja hubadilishwa. Kidole hakina kibadala.

Kuunda ufunguo katika Android

Tumia maktaba ya androidx.biometric badala ya FingerprintManager, ambayo ilistaafishwa tangu Android 9. Kabla ya yote, muulize BiometricManager kama simu ina uthibitishaji wa daraja la BIOMETRIC_STRONG. Daraja hili linadai kwamba uwezekano wa kumkubali mtu mwingine kwa bahati usizidi mara 1 katika 50,000, na ndilo daraja pekee la bayometriki linaloweza kufungua ufunguo wa Keystore. Simu nyingi za bei nafuu hutambua uso kwa kamera ya kawaida ya mbele, na utambuzi huo mara nyingi haufikii daraja hilo. Usimlegezee mtumiaji sharti ili tu simu yake ifanye kazi. Mwelekeze kwenye njia mbadala ambayo nitaifikia.

Ufunguo wenyewe huelezwa hivi:

```
val maelezo = KeyGenParameterSpec.Builder(
    "ufunguo_wa_daftari",
    KeyProperties.PURPOSE_ENCRYPT or KeyProperties.PURPOSE_DECRYPT)
    .setBlockModes(KeyProperties.BLOCK_MODE_GCM)
    .setEncryptionPaddings(KeyProperties.ENCRYPTION_PADDING_NONE)
    .setKeySize(256)
    .setUserAuthenticationRequired(true)
    .setInvalidatedByBiometricEnrollment(true)
    .build()
```

Kuanzia Android 11 ongeza setUserAuthenticationParameters, ukiipa muda wa sifuri na AUTH_BIOMETRIC_STRONG, ili ufunguo udai kidole kila unapotumika. Katika matoleo ya nyuma, usipotaja muda wowote, hali ndiyo hiyo hiyo. Ukitaka kuuweka ufunguo katika StrongBox, yaani chipu ya pekee iliyoanza kutumika na Android 9, jaribu kwanza, na ikija hitilafu ya StrongBoxUnavailableException rudia bila sharti hilo. Simu nyingi hazina chipu hiyo, na hata ikiwepo, chipu yenyewe hufanya kazi polepole kidogo.

Baada ya hapo mpangilio ni huu: andaa Cipher, kifaa cha msimbo kinachosimba na kusimbua, kwa ufunguo ule, uifunge ndani ya CryptoObject, umkabidhi BiometricPrompt, na jibu la mafanikio likirudi uichukue Cipher kutoka katika jibu hilo hilo, ndipo usimbe au usimbue. Usijitungie namba ya kuanzia (IV) ya GCM, mtindo wa usimbaji tuliouchagua hapo juu, kwa sababu Keystore huizalisha yenyewe na kwa kawaida huikataa ya kwako. Kazi yako ni kuzihifadhi baiti 12 za namba hiyo kando ya data iliyosimbwa. Wala usilipitishe daftari zima ndani ya Keystore. Zalisha ufunguo mdogo wa data, usimbe daftari kwa huo, kisha ufunguo wa Keystore uusimbe ule mdogo peke yake.

Swali litakalokujia upesi ni hili: taarifa ya mauzo ikiingia wakati simu imo mfukoni, itaandikwaje ikiwa kila usimbaji unadai kidole? Jibu ni jozi ya funguo. Ufunguo wa umma husimba bila kumwomba mtu ruhusa, na ule wa faragha ndio unaosubiri kidole.

Upande wa iPhone

Hapa mtego wa kwanza ni LAContext.evaluatePolicy, amri ya kuomba kidole au uso, ambayo ikitumiwa peke yake hurudisha jibu la ndiyo au siyo, na hilo ndilo kosa langu la mwanzo likiwa limevaa kanzu nyingine. Weka tokeni katika Keychain, ghala la siri la iPhone, uipe ulinzi uliotengenezwa kwa SecAccessControlCreateWithFlags, ukichagua kSecAttrAccessibleWhenPasscodeSetThisDeviceOnly pamoja na biometryCurrentSet. Kwa hivyo tokeni haitahamia kwenye kifaa kingine, itafutika mwenye simu akiondoa namba ya kufungulia, na haitasomeka tena vidole au nyuso zilizosajiliwa zikibadilika. Ukitaka ufunguo unaokaa ndani ya Secure Enclave yenyewe, fahamu kwamba kwa funguo za mkunjo (elliptic curve) programu hupewa huko za aina ya P-256 tu.

Andika sababu ya kutumia Face ID, utambuzi wa uso wa iPhone, katika NSFaceIDUsageDescription, tena kwa Kiswahili kinachoeleweka, maana ni sentensi ambayo mwanachama ataisoma kabla ya kukuamini. Kumbuka vilevile kwamba vilivyomo katika Keychain hubaki hata programu ikiondolewa, kwa hiyo programu inapofunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya kusakinishwa ianze kwa kuvifuta vya zamani.

Vidole vya watu wa kazi

Miongozo mingi huishia hapo, lakini kwangu kazi ngumu ilianzia hapo. Siku ya kuligawa toleo la pili, nahodha mmoja alinyoosha kidole cha shahada kilichochanwa na mshipi mara nyingi hata mistari yake haionekani, akakiweka kwenye kihisi mara tatu, kisha akaniangalia. "Mwanangu," akasema, "simu yangu mwenyewe hainiyui." Fundi wa mawe anayeshika chokaa siku nzima ana tatizo hilo hilo, na wachuuzi hufika mikono ikiwa imelowa maji ya barafu. Utambuzi wa uso nao haumfai mwanamke aliyevaa nikabu akiwa sokoni, na sitathubutu kumtaka aivue ili aone salio lake.

Baadhi ya tiba ni za mkono tu. Nahodha yule tulimsajilia kidole gumba cha mkono usioshika mshipi, tena mara mbili, kikiwa kikavu na kikiwa na unyevu, na tangu hapo hukubaliwa mara nyingi. Tiba nyingine zimo katika msimbo. Wengi huchanganya onAuthenticationFailed na onAuthenticationError: la kwanza lina maana kwamba jaribio moja limekataliwa na dirisha bado liko wazi, kwa hiyo usilifunge wala usionyeshe onyo jekundu, la pili ndilo mwisho. Baada ya kukataliwa mara tano Android hufunga kihisi kwa sekunde 30, na makosa yakiendelea hudai namba ya siri ya simu. Badala ya kuonyesha namba ya hitilafu, andika: "Kausha kidole, usubiri nusu dakika, kisha ujaribu tena."

Njia mbadala isiwe dirisha la uani. Ukiweka namba ya tarakimu 4 inayokaguliwa ndani ya programu yenyewe, mwizi hatahangaika na kidole. Unaweza kuruhusu namba ya kufungulia simu, na kuanzia Android 11 inaweza kuunganishwa na ufunguo huo huo kwa AUTH_DEVICE_CREDENTIAL. Mimi sikuichagua, kwa sababu katika nyumba nyingi namba ya simu ya mama inajulikana na watoto wote. Nilichagua kumrudisha mtu kwenye seva aingie upya, na seva ndiyo inayohesabu majaribio.

Na hapo ndipo penye jambo ambalo hakuna chipu itakayolitatua. Mfumo haukuambii ni kidole cha nani kilichokubaliwa. Unakuambia tu kwamba ni kimoja kati ya vilivyosajiliwa. Simu ya bibi huwa na kidole cha mjukuu aliyemwekea simu hiyo. Kwa hiyo, kabla ya kuwasha huduma hii, programu yangu huandika kwa herufi kubwa kwamba kila aliyesajili kidole katika simu hii ataweza kulifungua daftari, na humpa mtumiaji nafasi ya kukataa. Wanachama wawili wamekataa, nami naona walifanya sawa.

Ufunguo unapokufa

Kwa mipangilio niliyoieleza, mtu akisajili kidole kipya au akiondoa kabisa kifungio cha simu, ufunguo hubatilika na hauwezi kurudishwa. Katika Android utaipata habari hiyo unapoandaa Cipher, kwa hitilafu ya KeyPermanentlyInvalidatedException. Ifute data iliyosimbwa, uufute ufunguo, umwombe mtumiaji aingie upya, kisha uunde ufunguo mwingine. Hii ni tabia njema, kwa sababu humzuia aliyeiba simu na kuijua namba yake asijisajili na kuingia.

Lakini ina gharama, nami nililipa. Mchuuzi mmoja, mama wa makamo, alimruhusu mwanawe aongeze kidole chake katika simu yao, na mauzo ya siku tatu yaliyokuwa hayajafika kwenye seva yakapotea, kwa sababu nilikuwa nimeyafungia chini ya ufunguo ule ule. Ilibidi tukae barazani kwao na karatasi, tukayakusanya kwa kumbukumbu: changu kilo kadhaa, tasi kilo kadhaa, na deni la nani. Sasa maandishi ambayo hayajatumwa husimbwa kwa ufunguo mwingine usiodai kidole, bali unaodai tu kwamba simu iwe imefunguliwa, kwa setUnlockedDeviceRequired iliyopo tangu Android 9. Yakishapokelewa na seva hufutwa kwenye simu.

Kwa sababu hiyo hiyo, liondoe faili lililosimbwa katika nakala rudufu za Android. Nakala hulipeleka faili kwenye simu mpya lakini ufunguo haufuati, na mtu hubaki na mzigo usiofunguka. Kuanzia Android 12 masharti haya huandikwa katika faili linalotajwa na dataExtractionRules, na kwa matoleo ya nyuma katika fullBackupContent.

Kujaribu

Kwenye simu ya kuigiza (emulator) ya kompyuta amri ya adb -e emu finger touch 1 inatosha kuupima mtiririko, lakini haikuambii lolote kuhusu chipu. Katika simu halisi, muulize KeyInfo ufunguo unakaa wapi. Kuanzia Android 12 getSecurityLevel hutaja kama umo katika eneo lililotengwa, katika StrongBox, au katika programu tu. Kisha ongeza kidole kipya, ondoa kifungio cha skrini, izime simu na uiwashe, lowesha mkono kwa maji ya chumvi, na ukate intaneti katikati ya kuandika. Mwisho, chukua simu ya root, linakili folda la programu lote, ulitafute ndani yake neno la mwanzo la tokeni. Likionekana, rudi kwenye hatua ya kuunda ufunguo kabla ya kumpa mtu yeyote programu hiyo.