Kumkatia rufaa mpwa aliyefungwa kwa kumsumbua binti mtandaoni

Mpwa wangu alipofungwa, dada yangu alilia siku nne. Nikamwambia, dada, lia huku unahesabu. Ukitiwa hatiani na mahakama ya wilaya hapa Tanzania, una siku 10 tu za kutoa kusudio la kukata rufaa kwenda Mahakama Kuu. Ni karatasi moja: namba ya kesi, tarehe ya hukumu, maneno kwamba hukuridhika, sahihi. Sababu bado. Aliye ndani huipitisha kwa mkuu wa gereza. Sisi hatukutulia mpaka tulipoona muhuri wa kupokelewa.

Siku hiyohiyo omba kwa barua nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yote yaliyosemwa na kufanyika mahakamani. Hati ya rufaa yenyewe ina siku 45, na muda wa kusubiri nakala hauhesabiwi, kwa hiyo barua ile usiipoteze. Yetu niliifunga kwenye nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu.

Kama alikiri kosa, mlango ni mwembamba: kwa kawaida atabishia adhabu tu. Wetu alikana, basi nikakaa na mwenendo, penseli mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inataka ithibitike kwamba ujumbe ulitumwa kwa nia ya kutisha, kusumbua au kumuumiza mtu kihisia. Faini haipungui milioni 5, kifungo hakipungui miaka 3, au vyote viwili. Ukurasa wa 14 nikakuta picha za WhatsApp “zimepokelewa kama kielelezo P2”, yaani ushahidi wa pili wa upande wa mashtaka, halafu shahidi mwingine anaitwa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba zilisomwa kwa sauti. Tangu kesi ya Robinson Mwanjisi ya 2003, maandishi yasiyosomwa baada ya kupokelewa yanaweza kuondolewa kwenye ushahidi. Hiyo ikawa sababu ya kwanza. Ya pili: hakuna shahidi aliyeonyesha laini ya simu iliyotuma meseji zile ni ya nani.

Andika hivyo, kwa ukurasa na kielelezo. Shemeji alitaka tuanze na “kijana katoka familia ya wacha Mungu”. Nikafuta. Dhamana wakati rufaa inasubiri inaombwa pia, ila msiitegemee. Na mjue jaji anaweza kufuta hatia, kuamuru kesi isikilizwe upya, au hata kuongeza adhabu.

Kosa kubwa karibu lifanywe na dada: alishavaa kanga aende kwa yule binti kumwomba afute kesi. Kesi ni ya Jamhuri, binti hana cha kufuta. Halafu huko ni kumsumbua tena, safari hii ukoo mzima. Nilimvua kanga mlangoni. Zile meseji mimi nimezisoma zote, nikiandaa rufaa, na usiku ule sikulala.