Kadi ya Fursa ya Ujerumani ukiwa Pemba: kabla ya fomu, lisome jina lako

Niliambiwa Wajerumani wagumu. Mimi sikuuona ugumu wao. Nimechelewa miezi 5 kwa herufi moja na euro 27, na vyote viwili vilinikuta huku huku kwetu. Basi yale ambayo kila mhitimu anayajua nitayapita mbio, nikae kitako pale nilipoungulia.

Kadi ya Fursa, wenyewe wanaiita Chancenkarte, ilianza tarehe 1 Juni 2024. Inakupeleka Ujerumani ukatafute kazi ukiwa kule kule, hadi mwaka mmoja, bila ya kuwa na mwajiri kwanza. Huku unatafuta, unaruhusiwa kufanya kibarua saa 20 kwa wiki, na kazi ya majaribio wiki 2 kwa mwajiri mmoja.

Ina milango miwili. Kama shahada yako Wajerumani wanaihesabu kuwa sawa na ya kwao, unapita bila ya pointi. Kama sivyo, unatakiwa uwe na Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2 (ngazi za lugha zinaanza A1, ya chini kabisa, hadi C2), kisha ukusanye pointi 6: umri usiozidi miaka 35 unakupa 2, Kijerumani cha B1 kinakupa 2, Kiingereza cha C1 kinakupa 1, uzoefu wa kazi nao una zake. Mimi nilipoteza wiki nzima nikihesabu pointi kwenye daftari, na mlango wa kwanza ulikuwa wazi muda wote.

Mlango huo unaangaliwa kwenye anabin, tovuti yao ya kutambua vyuo, na imeandikwa kwa Kijerumani kitupu. Tafuta kwa nchi uliyosoma: aliyesoma Malaysia kama mimi aingie Malaysia, asihangaike na Tanzania. Chuo kiwe na alama ya H+, yaani kinatambuliwa, halafu uitafute na shahada yenyewe, kwani H+ peke yake haitoshi. Chapisha kurasa zote mbili. Usipoiona shahada yako, unaomba tathmini ya cheti kwa ofisi yao ya Bonn inayoitwa ZAB, kwa euro 208, na ujipange kusubiri.

Sasa jina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Hamad, jina la baba. Pasi niliyosomea ilisema Hamad, na chuo kikaandika Hamad kwenye shahada, kwa sababu vyuo vya nje vinanakili pasi kama ilivyo. Pasi ilipokwisha muda nikaomba mpya, na njiani, katika ofisi moja nisiyoitaja, baba akaongezwa herufi akawa Hamadi. Nilipomwonesha kijana wa dirishani, hata hakuinua macho: "Hamad, Hamadi, si ndio huyo huyo?" Kwa Mpemba ndio huyo huyo. Kwa Mjerumani aliyekaa mbele ya kompyuta, mwenye shahada ni mtu mmoja na mwenye pasi ni mtu mwengine. Nikaandikiwa nilete uthibitisho.

Nikaenda kuapa. Hati ya kwanza ya kiapo iliandikwa kwa Kiswahili, mistari minne, kwamba majina yote mawili ni yangu. Haikufaa kitu. Ya pili nikamkalia wakili ubavuni. Aliiandika kwa Kiingereza tangu mwanzo, nikaokoa pesa ya tafsiri, akaorodhesha kila karatasi: cheti cha kuzaliwa namba fulani kinasema hivi, pasi ya zamani namba fulani inasema hivi, shahada inasema hivi, pasi mpya inasema hivi, na wote hao ni mtu mmoja. Weka na cheti cha kidato cha sita hata kama hujaombwa, maana herufi za ziada zina tabia ya kujificha huko.

Wakili naye alitaka barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaani kwetu. Hapo zilinipotea wiki mbili, kwani ulikuwa msimu wa karafuu, na muhuri wa sheha unatembea na sheha. Nenda kwake asubuhi baada ya sala, kabla hajatoka.

Kilichoniokoa hasa ni ile pasi ya zamani. Pasi iliyokwisha muda inakatwa pembe na unarejeshewa. Wengi wanaitupa au wanawapa watoto wachezee. Yangu mama aliiweka kwenye kopo la biskuti pamoja na risiti za karafuu za ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Ndani yake mna viza ya uanafunzi na jina lile lile lililo kwenye shahada. Bila ya hiyo, kiapo kingebaki neno langu tu. Na wewe ambaye bado hujaomba pasi mpya, angalia kwanza kitambulisho chako cha NIDA kinasemaje, kwa sababu pasi inafuata huko. Sahihisha hapo kabla ya kulipa shilingi 150,000 ya pasi, usije ukailipa mara mbili.

Jambo dogo jengine: fomu inauliza jina la ukoo, na sisi tuna jina, la baba na la babu. Jaza kama pasi ilivyogawa, usijitungie. Mimi sasa kwa Wajerumani ni Frau Faki, yaani Bibi Faki. Faki ni babu yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuvuka hata Unguja.

Pesa. Wanataka waone una chakula cha mwaka mzima. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa euro 1,091 kwa mwezi, yaani 13,092, zaidi ya shilingi milioni 30. Mwenye jamaa Ujerumani wa kumwekea dhamana rasmi anaweza kupita kwa njia hiyo. Sisi wengine tunaziweka kwenye akaunti ya zuio, Sperrkonto, na ukifika unapewa zako kila mwezi kidogo kidogo. Zangu zilitoka kwenye akiba, kwa ami yangu aliyeko Muscat, na karafuu za mama za msimu mmoja.

Nikatuma 13,092 kamili. Zikafika 13,065. Benki za njiani, ambazo sikujua kama zipo, zilikuwa zimemega. Bila ya kiasi kamili hupati hati ya akaunti, na bila ya hati maombi hayasogei. Kutuma zile 27 benki ilinitoza zaidi ya hizo 27, na nilipouliza kwa nini hawakuniambia mwanzo, dada wa kaunta alinijibu kwa upole kuwa sikuuliza. Kwa hiyo wewe uliza: kwenye fomu ya kutuma kuna sehemu ya nani anabeba gharama, chagua zibebwe zote na mtumaji, imeandikwa OUR. Na bado ongeza euro 50 juu.

Yaliyobaki ni mepesi. Wasifu, barua ya kueleza unatafuta kazi gani na kwa nini, bima ya afya inayoanza siku ya kushuka. Unajaza na kupakia kila kitu mtandaoni, ukiitwa unakwenda Dar es Salaam, ubalozini Umoja House, na karatasi halisi na ada ya euro 75. Anayetoka Pemba asipange kufika siku ya miadi yenyewe. Boti ya Mkoani haijui miadi yako, na kusi likivuma halimjui balozi. Lala Dar usiku mmoja.

Na usikawie, hasa kama umehitimu karibuni. Ukipata kazi unaweza kuhamia Kadi ya Buluu, kibali cha kukaa na kufanya kazi cha wenye shahada, na kwa mwaka 2025 mshahara uliotakiwa ulikuwa euro 48,300 kwa mwaka, lakini aliyehitimu ndani ya miaka 3 alikubaliwa kwa 43,759.80. Mimi miaka yangu 3 imeshaliwa miezi 5 na herufi i.

Pasi ikirudi na viza, usiondoke dirishani. Isome herufi kwa herufi hapo hapo, jina, tarehe, namba ya pasi. Mimi niliisoma mara tatu, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nataka nisomewe.