Kupiga picha za familia Dodoma siku ya mawingu, upepo au mvua

Familia nyingi husubiri siku ya jua kali ndipo zipige picha za nje, ilhali jua la saa sita mchana ndilo linalomsumbua zaidi mpiga picha hapa Dodoma. Huacha vivuli vyeusi machoni, na mapema mwezi Machi na Oktoba, linapopita karibu utosini, kofia pana hufunika uso mzima kwa giza. Niliwahi kuahirisha kazi ya familia moja mara mbili kwa sababu ya mawingu. Tulipokutana hatimaye, mtoto ambaye mama yake alitaka sana apigwe picha akiwa na mapengo alikuwa ameshaota meno. Tangu hapo siahirishi kwa sababu ya wingu.

Wingu husambaza mwanga usoni sawasawa, na watoto hawakunji nyuso. Hata hivyo, anga jeupe huidanganya kamera, nayo hupunguza mwanga hadi nyuso zetu zinatoka nyeusi tii. Pima mwanga usoni, au uongeze mwanga kwa hatua moja (+1) kwenye kamera, kisha wasimamishe watu mbele ya miamba au mizabibu ili anga lisichukue nafasi kubwa katika picha.

Upepo wa kiangazi, hasa kati ya Julai na Septemba, unahitaji mpango zaidi. Kwa kawaida huvuma kutoka mashariki, na hapo ndipo penye mtego: jioni, ukitaka jua liwe nyuma ya familia, nyuso zao zinaelekea mashariki na vumbi linawaingia machoni. Tafuta mwamba mkubwa au mbuyu mnene, usimame wewe ukiwa umeupa mgongo, nao wasimame mbele yako upande wa magharibi, karibu kiasi cha kukingwa na upepo. Vumbi litakalopita mbali nyuma yao litashika mwanga wa jua linalozama na kuipa picha rangi ya dhahabu ambayo hakuna taa inayoweza kuitoa. Asubuhi ni rahisi zaidi, maana jua na upepo vyote huwa mgongoni mwao. Waombe kina mama wafunge vilemba badala ya mitandio myepesi, na usibadilishe lenzi nje hata kidogo, kwa kuwa vumbi hili jekundu likiingia ndani ya kamera kulitoa ni kazi.

Mvua za hapa, kuanzia Desemba hadi Aprili, mara nyingi hunyesha kwa nguvu kisha zikakatika. Wakati wa manyunyu pigia barazani, mkiwa ukingoni ambako mwanga unaingia, huku kamera ukiifunika kwa nailoni safi ya kufungia godoro jipya. Ukisikia radi, ondoa watu wote vilimani na chini ya mibuyu, waingie ndani ya nyumba au gari, na msitoke mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho.

Baada ya hapo fanya haraka. Hewa imeoshwa, udongo umekolea wekundu, na madimbwi yanaakisi anga. Mruhusu babu ashike mwavuli, watoto wavue viatu waingie majini, nawe uchuchumae hadi lenzi ikaribie maji, upige wanaporuka.