SOMO: Kumfundisha kiongozi wa timu kuendesha kaizeni kiwandani (soma kwanza, uliza baadaye)

Wakuu, swali la namna ya kumfundisha kiongozi wa timu kuendesha kaizeni (neno la Kijapani: uboreshaji wa kazi unaofanywa na wafanyakazi wenyewe) nimeshalijibu pembeni mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Mfano ni laini ya kupaki sembe, kazi ya kubadili saizi kutoka paketi za kilo 1 kwenda kilo 2. Kiwanda cha sabuni au maji, badilisha majina tu.

1. Chagua mtu anayesikilizwa na wenzake kwenye laini. Cheti si lazima.

2. Tatizo liwe moja, la laini moja, lenye namba. "Kubadili saizi kunachukua dakika 48, tunataka 25" ni tatizo. "Kuongeza ufanisi" ni salamu.

3. Timu watu 6 hadi 8: waendesha mashine wa zamu zote mbili, fundi wa matengenezo, mtu wa stoo, mtu wa ubora, na mmoja asiyeijua kabisa laini hiyo. Huyo wa mwisho huuliza mambo ambayo wengine wameshayazoea.

4. Kupima. Hapa niliwahi kuharibu, tulieni. Saa inaanza kuhesabu ikitoka paketi nzuri ya mwisho ya kilo 1, inasimama ikitoka paketi nzuri ya kwanza ya kilo 2: uzito sahihi, mshono haujaachia, tarehe imechapwa. Ukiisimamisha pale mashine inapoanza kunguruma, marekebisho yote yanafichika, na timu inakimbilia kununua spana mpya wakati ugonjwa uko kwingine.

Zoezi lenyewe: rekodi video moja kwa simu, wape viongozi watatu waipime kila mtu peke yake, kila kitendo na mstari wake. Wakipishana zaidi ya dakika moja kwenye kitendo, hawajakubaliana kinaanzia wapi na kuishia wapi. Warudie mpaka walingane. Karatasi iliyokamilika inafanana na hii:

kutafuta spana na alen key (ufunguo wa pembe sita) – dakika 6
kusubiri rola ya filamu (plastiki ya paketi) kutoka stoo – 9
kusafisha – 4
kufungua na kufunga bomba la kuumbia paketi – 14
kurekebisha uzito na mshono – 15
jumla – 48

Mistari miwili ya juu, dakika 15, ni kazi za kufanywa mashine ikiwa bado inapaki kilo 1. Kwa mashine ya paketi 30 kwa dakika, hizo ni paketi 450, na hamjanunua hata boli moja.

Maonyo. Waambie waendeshaji mapema kwamba inapimwa kazi, si mtu, na jina lisiandikwe kwenye fomu. Asiyeambiwa atakimbia siku hiyo au atajivuta, na namba zote mbili ni za uongo. Pima zamu zote mbili, angalau mara tatu kila moja. Na jihadharini na neno "muda": kwa Kijapani neno "muda" maana yake ni upotevu, si wakati kama kwetu. Kiongozi akiandika ubaoni "punguza muda", nusu ya timu itaelewa wakaze mwendo. Aandike "upotevu".

5. Kuuliza "kwa nini" na kunyamaza. Nusu saa ya kwanza kiongozi anaruhusiwa maswali tu. Akitoa jibu, kalamu ya ubao inahamia kwa mwingine.

6. Wazo lijaribiwe siku hiyo hiyo. Kabla mkono haujaingia: zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa anayeingiza mkono. Kisha toa upepo wa kompresa kwenye mabomba, maana taya za kuchomea mshono zinaweza kujifunga kwa upepo uliobaki hata umeme ukiwa umezimwa. Subiri zipoe.

7. Utaratibu mpya uandikwe ukurasa mmoja wenye picha, ubandikwe mashineni. Pima tena siku ya 7 na ya 30.

Kila kaizeni siku 3. Kaizeni ya kwanza mwanafunzi (kiongozi unayemfundisha) anaangalia, ya pili mnaongoza pamoja, ya tatu anaongoza yeye na wewe umekaa nyuma mdomo umefungwa, isipokuwa ukiona hatari.

MASWALI

kijana_wa_laini: Mkuu, inachukua siku ngapi?

Mleta somo: Mstari wa mwisho wa somo.

BosiMdogo: Naomba slaidi zako nikafundishe kesho.

Mleta somo: Sina. Chukua simu, nenda kwenye laini, rudi na video.

BosiMdogo: Kuuliza si ujinga kaka.

Mleta somo: Sijasema ujinga. Slaidi haina spana iliyopotea ndani yake. Hatua ya 4 ndiyo somo.

mama_zamu: Zile 15 za marekebisho unaziondoaje? Kwetu fundi anazungusha skrubu, anajaribu, anazungusha tena.

Mleta somo: Swali zuri, dada. Mshono: popote panapozungushwa skrubu kwa makadirio, weka kizuizi. Pima nafasi ya kilo 1 na ya kilo 2, chonga kipande cha chuma cha urefu wa tofauti hiyo, kiingizwe na kutolewa kwa mkono. Uzito: kama unajaza kwa skrubu ya kusukuma unga, andika idadi ya mizunguko ya kila saizi. Sembe iliyolala stoo imeshikana kuliko iliyotoka kinuni sasa hivi, kwa hiyo anza na namba ya mara ya mwisho, pima paketi 5 mfululizo, rekebisha kwa wastani. Anayerekebisha kwa paketi moja moja ndiye anayezunguka nusu saa. Na msikate tamaa: mwaka 1969 pale Toyota, mhandisi Shigeo Shingo na wenzake walishusha ubadilishaji wa moldi kwenye mashine ya kukandamiza bati yenye nguvu ya tani 1,000 kutoka saa 4 hadi dakika 90, kisha dakika 3.

fundi_rola: Vibarua wetu wanabadilika kila siku. Utaratibu mpya unakufa Jumatatu.

Mleta somo: Mfundishe kiongozi hatua nne walizotumia viwanda vya Marekani wakati wa vita kuu ya pili: andaa mtu, mwonyeshe, afanye huku akikueleza, kisha mfuatilie. Watu huiruka ya tatu. Kibarua asiyeweza kukueleza kwa nini anafanya hivyo bado hajafundishwa.

mama_zamu: Nyongeza: video kwenye vumbi la unga, futa lenzi kila mara, la sivyo unapima ukungu. Na utepe wa kuonyesha nafasi za vitu sakafuni, forklifti inaubandua.

fundi_rola: Badala ya utepe paka rangi ya epoksi (rangi ngumu ya sakafu), dada. Sugua sakafu kwanza, kisha rangi ikauke kabisa.