Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Matairi ya Mwendo Kasi na Siku za Uwanjani

Kabla ya kuulizia kampuni gani ni bora, piga hesabu ya matumizi. Gari linaloingia kwenye uwanja wa mbio mara tatu au nne kwa mwaka bado ni gari la barabarani. Kilomita zake nyingi zitapita kwenye lami baridi, kwenye madimbwi na gizani. Kwa matumizi hayo tunashauri bila kusita tairi la barabarani la daraja la juu, mfano wa Michelin Pilot Sport 4S au Continental SportContact 7, na pesa inayobaki iende kwenye pedi na mafuta ya breki. Matairi ya nusu mashindano, kama Yokohama Advan A052 au Toyo Proxes R888R, hung'ang'ania lami kuliko hayo yakishapata moto. Lakini mifereji yake ni michache na kashata zake, yaani vipande vya raba vinavyogusa lami kati ya mifereji, ni fupi. Mvua kubwa ikikukuta njiani, maji hukosa pa kutokea, tairi huelea juu yake na usukani huwa mwepesi ghafla. Anayeyataka kweli ayanunulie rimu zake, ayapeleke uwanjani yakiwa yamepakiwa na kuyafunga hukohuko.

Kisha soma ubavu wa tairi. Kwenye 225/45R17 94Y, upana ni milimita 225, kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 17. Namba 94 ina maana kila tairi linabeba hadi kilo 670, na Y ni mwendo wa hadi kilomita 300 kwa saa. W ni 270 na V ni 240. Usishuke chini ya kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa gari, hata kama hufikii mwendo huo. Tafuta pia tarakimu nne za tarehe: 2324 ni wiki ya 23 ya mwaka 2024. Raba hukauka hata tairi likiwa halijawahi kufungwa, kwa hiyo punguzo kubwa kwenye tairi lililokaa miaka mingi ghalani si la kukimbilia. Matairi yanayouzwa Marekani huwa na namba ya ulikaji (treadwear) pia. Ikiwa 300 au zaidi, raba ni ya kudumu. 200 kushuka chini ni raba laini inayoisha haraka. Kila kampuni hujipimia yenyewe, hivyo itumie kulinganisha matairi ya kampuni moja tu.

Adui mkubwa uwanjani ni joto. Tairi jipya la barabarani lina kashata za milimita 7 hivi, na kashata ndefu hujipinda kwenye kila kona. Kujipinda huko huzalisha joto ndani ya raba. Likizidi, mshiko hupungua, gari huanza kuserereka kwa ulaini kama limekanyaga mafuta, na dereva akiendelea kukaza, vipande vya raba hubanduka kwenye bega la nje, yaani ukingo ambapo uso wa tairi unakutana na ubavu. Dawa yake ni mizunguko minne au mitano ya kasi, halafu mmoja wa polepole bila kukanyaga breki sana. Tairi lililobakiza milimita 4 au 5 huvumilia joto vizuri zaidi kwenye lami kavu, ila kwenye mvua ndilo litakaloanza kuelea mapema. Jipya kabisa usilipeleke uwanjani siku ya kulifunga. Liendeshe kwanza kwa upole kilomita mia mbili hivi, utelezi wa kiwandani uishe.

Upepo ndio wengi hukosea. Uwanjani upepo wa tairi unaweza kupanda kwa psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 6 hadi 10, kwa hiyo anayeingia na psi 35 za baridi hujikuta na 43, tairi limevimba katikati na linagusa lami kwa sehemu ndogo. Anza psi 3 au 4 chini ya zile zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, kimbia mizunguko michache, kisha pima mara tu unaposimama, kwa geji ileile kila mara. Magari mengi ya barabarani hufanya vizuri kati ya psi 34 na 38 za moto. Tairi la upande wa nje wa kona nyingi litakuwa limepanda zaidi. Lipunguze upepo hilo peke yake. Ili kujua kama umeshusha kupita kiasi, paka chaki kwenye bega la tairi kabla ya kuingia. Chaki ikifutika hadi ubavuni, chini ya alama ndogo ya pembetatu iliyopo kwenye matairi mengi ya aina hii, ongeza upepo. Na kabla ya kurudi barabarani subiri matairi yapoe, kisha yajaze hadi kiwango cha kibandiko. Tairi lenye upepo mdogo kwenye barabara kuu hujikunja ubavuni, hupata moto na kupasuka. Pampu iwe ndani ya gari.

Bega la nje likiendelea kuliwa ingawa upepo uko sawa, gurudumu halijainamia ndani vya kutosha upande wa juu. Digrii 1.5 hadi 2 zinatosha kwa gari linalotumika zaidi barabarani. Ukizidisha, utalipa kwa bega la ndani.

Siku moja kabla, kagua ubavu kwa mkono, upande wa ndani pia, ukitafuta uvimbe, nyufa na misumari. Tairi lililozibwa pancha lisiingie uwanjani. Kaza nati kwa spana yenye kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari, na uzirudie baada ya awamu ya kwanza, magurudumu yakiwa yamepoa. Ukiegesha na breki zingali za moto, usivute breki ya mkono. Weka gia na zuio la gurudumu.

Seti ya pili ya matairi ihifadhiwe mahali pa giza na pakavu, mbali na jua. Ya nusu mashindano yasisogezwe wala kuendeshwa kwenye baridi kali ya chini ya sifuri, maana raba yake inaweza kupasuka. Kila yanapopata moto na kupoa huwa magumu kidogo. Uso ukianza kung'aa na ukucha usiache alama tena, yabadilishe, hata kama kashata bado zipo.