SOMO: Kuhesabu jeni za P450 za pakanga bila kuhesabu moja mara mbili

Swali la "pakanga ina jeni ngapi za P450?" linarudi kila wiki, sasa jibu likae hapa. P450 ni familia kubwa ya vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha mabadiliko ya kemikali mwilini mwa kiumbe. Kimojawapo, CYP71AV1, ndicho kinachogeuza kemikali ya amorfadaini kuelekea artemisinini, dawa ya malaria, kwenye pakanga (Artemisia annua).

1. Pakua protini zote za mmea na faili la GFF (linaloonyesha kila jeni ilipo kwenye jenomu).

2. Tafuta kwa programu ya HMMER, modeli PF00067 (ya familia ya P450), ukiweka --cut_ga, yaani kiwango cha kukubali kilichowekwa na modeli yenyewe.

3. Hapa ndipo hesabu huharibika. Jeni moja huweza kutoa protini kadhaa, kwa hiyo bakiza moja kwa kila jeni. Wengi huchukua ndefu kuliko zote wakaishia hapo. MSIFANYE HIVYO. P450 ya mmea ina takriban asidi amino 500. Ikiwa na 1,000, programu iliyotambua jeni kwenye jenomu huenda imeunganisha jeni mbili jirani: tafuta alama ya P450, FxxGxRxCxG (kila herufi ni asidi amino, x ni yoyote), na ikitokea mara mbili zitenganishe kwa mkono. Yenye chini ya 400 usiitupe kabla hujaangalia kama imekatwa na pengo kwenye jenomu. Tena pakanga haijichavushi. Nakala ya baba na ya mama hutofautiana, na programu huziandika kama jeni mbili. Zikikaribia kufanana kabisa na kila moja iko kwenye kipande chake kifupi, shuku.

4. Panga protini kwa MAFFT, jenga mti wa ukoo kwa IQ-TREE, ukichanganya na P450 za Arabidopsis, mmea wa mfano wa maabara.

5. Majina: asidi amino kufanana zaidi ya 40% ni familia moja, zaidi ya 55% familia ndogo moja.

MASWALI

Njiro_Bio: Mkuu nimepata 611, niandike?

Jibu: Hatua ya 3 umeisoma? Leta urefu wa kila protini.

Njiro_Bio: Nilichukua ndefu zaidi.

Jibu: Nimeandika kwa herufi kubwa.

Kibosho: Shikamoo. Zipo ambazo alama ya FxxGxRxCxG haijakaa sawa. Nizifute?

Jibu: Marahaba, umeangalia vizuri. C ndiyo inayoshika chuma cha hemu, ikikosekana tilia shaka. Lakini P450 za familia ya CYP74 zina asidi amino za ziada katikati ya alama, na hazihitaji oksijeni wala kimeng'enya cha kuzipa elektroni. Zibakize.

UsaRiver: Nataka kuona jeni zipi zinafanya kazi. Pakanga kavu ya sokoni Kilombero inatoa RNA?

Jibu: Hapana, imeshavunjika. Chuma majani machanga, yenye vinyweleo vya tezi vinavyotengeneza artemisinini. Kama huna naitrojeni kimiminika, kata vipande vyembamba kuliko nusu sentimita, vizamishe kwenye RNAlater (maji ya kuhifadhi RNA) mara 5 ya ujazo wake. Kwa nyuzi 25 vinakaa wiki.

Kibosho: Na bafa ya kutolea RNA?

Jibu: CTAB (sabuni ya kupasua seli) yenye PVP 2% (ya kunasa polifenoli), na beta-merkaptoethanoli uiongeze siku hiyohiyo. Mchanganyiko ukigeuka kahawia, polifenoli zimeshashika RNA. Saga jani jingine.